Kizingiti cha Bi Zuleikha

Nyumba ya Bi Zuleikha, kule Shela mjini Malindi, haiingiwi na viatu, na hilo halina mjadala. Aliwahi kuja bwana wa kusoma mita ya maji, amevaa buti zenye kamba mpaka juu ya vifundo, akasema ana haraka na mita iko uani tu hapo, hatakawia. Bi Zuleikha alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akamwambia mita haina miguu, itamngojea. Yule bwana akakaa kitako barazani akafungua kamba zake huku akisonya. Soksi zilikuwa na matundu. Bi Zuleikha hakuzisema, maana matundu si uchafu.

"Sakafu yangu mimi naisalia," ndivyo anavyosema. "Popote nitakapo kusujudu, nasujudu. Mtu aje anitilie mavi ya paka ya njiani?"

Ni sakafu ya zamani, ya saruji nyekundu, imesuguliwa miaka na miaka mpaka imekuwa laini kama ukingo wa kikombe. Ukiingia kuna sebule na mkeka wake, halafu jiko, halafu chumba kidogo cha vyombo, halafu uani, ambako ndiko kazi iliko. Bi Zuleikha ni mpishi wa harusi. Kama umewahi kula biriani ya harusi Malindi ukaomba ukoko bila haya, huenda mkono ulikuwa wake. Na uani nako ni ndani, kwa sheria yake. Hata Mzee Kaingu, anayemletea kuni kutoka ng'ambo ya mto Sabaki, huacha ndara zake za tairi mlangoni na kupitisha mizigo yake pekupeku. Mwiba ukimchoma, shauri yake.

Mzee Kaingu ndiye aliyeuona moshi. Siku hiyo Bi Zuleikha alikuwa anakoroga masala ya biriani kwa mwiko mrefu, naye Mzee Kaingu anapanga kuni ukutani. Kaa la moto liliruka mekoni likaanguka sakafuni, na Bi Zuleikha akalikanyaga. Akaendelea kukoroga.

"Bi Zuleikha," Mzee Kaingu akasema, "mguu wako wafuka moshi."

"Nina kazi, Kaingu. Mzaha wako uweke."

"Si mzaha, mayo! Mama, mguu waungua!"

Akauinua. Kaa lilikuwa limenata chini ya dole gumba, pale penye nyama nene mtu anapokanyagia. Hakuwa amesikia kitu. Hapo ndipo alipoogopa, na hakuogopa kuungua, aliogopa kule kutosikia. Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, akimeza vidonge siku anazokumbuka na kunywa chai yenye sukari "kidogo tu", na wakati wote huo kisukari kilikuwa kikimla mguu kimya kimya, kimeanza na hisia.

Kidonda kile hakikupona. Kidonda cha namna hiyo huitwa kidonda ndugu, na mwenye ndugu wasiojua kuondoka hahitaji kuelezwa kwa nini. Alikipaka asali, akakiosha kwa maji ya mwarobaini, akaenda hospitali akafungwa bandeji, akarudi akafungwa nyingine. Kikijifunga juu leo, kesho kutwa kimefunguka. Kikaanza kutoa harufu, na yeye mwenye pua ya kujua kama karafuu imezidi kwenye sufuria ya watu mia tano ndiye aliyekuwa wa kwanza kuisikia. Akawa anakaa mbali na watu, na akiulizwa ana nini husema ana joto.

Mwishowe daktari wa upasuaji, kijana mwenye sauti ya upole, alimwekea kidole katikati ya wayo. "Kisipoanza kufunga, mama, itabidi tukate hapa. Sehemu yote ya mbele." Akasema atamwona tena baada ya Idi, na kabla ya hapo ajaribu kituo kimoja kidogo cha vidonda kilichokuwa kimepata mashine ya mwanga.

"Nusu ya mguu," Bi Zuleikha alimwambia binti yake, Safaa, walipokuwa wakitoka. "Nisimame kwa kisigino mimi? Nikiinua sufuria nianguke na sufuria?"

Safaa, aliyerudi kwa mamake baada ya kuachika na sasa ndiye mikono yake miwili, aliita tuktuk kwa mkono. Alikuwa anajizuia asilie mbele za watu.

Mashine yenyewe ilimkasirisha Bi Zuleikha tangu alipoiona. Alikuwa amejiandaa kwa kitu kikubwa chenye mngurumo. Akakuta mkono wa chuma wenye kichwa kipana kama kisahani, kimejaa vitaa vidogo. Muuguzi, Sista Nyaboke, mwanamke mrefu wa Kisii asiyejua kuzunguka maneno, alimvisha miwani myeusi, akafungua bandeji, akasafisha kidonda, akaondoa nyama iliyokufa, akawasha. Mwanga mwekundu ukaangukia wayo. Basi. Hapakuwa na joto wala kuwasha, wala hata harufu ya dawa.

"Ndiyo dawa hii?"

"Ndiyo hii, mama."

"Mbona haiumi?"

"Mguu yako haisikii, mama. Lakini hata yangu haingesikia. Hii mwanga inaingia pole pole, inaamsha nyama yenye imelala. Lakini nitakuambia ukweli, taa ni msaidizi tu. Sukari ishuke, kidonda ikae safi, na usiikanyagie. Hizo tatu zikikosa, hii taa ni kama ya disko."

Sukari yake ilikuwa juu mno, kwa hiyo walimlaza pale pale wiki mbili za kwanza. Akapewa kiatu. Kilikuwa kiatu kibaya, cheusi, kikubwa kama cha askari, chenye kamba za kunata na soli nene nyuma. Mbele soli ilikuwa imekatwa, ili uzito wote uende kisiginoni na pale penye kidonda paning'inie bila kugusa chini.

"Hii ni ya kila wakati," Nyaboke alimwambia. "Hata ukienda choo tu."

"Nimesikia."

Na alikivaa. Pale kituoni alikivaa hata kwa kwenda dirishani, kwa hiari yake, maana sakafu ya hospitali yeye asingeikanyaga pekupeku hata ungemlipa. Wiki ya pili kingo za kidonda zikageuka rangi ya waridi. Nyaboke alipima kwa rula ya karatasi, akapima tena, akacheka peke yake. Bi Zuleikha alipoonyeshwa picha kwenye simu aliomba aonyeshwe tena. Akaanza kuipenda ile taa. Ikiwaka, akawa anaisomea Kulhuwallahu kimoyomoyo, kuisaidia.

Kisha akaruhusiwa kwenda nyumbani, awe anakuja kwa taa mara tatu kwa wiki, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Nisieleweke vibaya. Nyumba ile haikuwa na wazembe. Safaa alitoa sukari yote nyumbani akawagawia majirani. Alimpima mamake asubuhi na jioni, akamchoma sindano zake, akajifunza kupika mtama kwa namna saba na zote mamake akazitukana. Imamu aliulizwa habari ya udhu, akasema mguu ule apanguse juu ya bandeji, na sala aifanyie kwenye kiti, na hivyo ndivyo alivyofanya. Dereva wa tuktuk alionywa kuhusu mashimo. Kila jambo la mguu ule lilifikiriwa na watu wenye akili zao timamu.

Kiatu nacho kilitunzwa kama yai. Kila wakitoka, Safaa alipiga magoti mlangoni akamvisha mamake na kufunga zile kamba. Kila wakirudi, alipiga magoti akamvua, akakipangusa vumbi, akakiweka kwenye rafu ya barazani pamoja na viatu vingine. Wapita njia waliomwona walisema binti yule ana radhi.

Wiki ya kwanza ya nyumbani, rula ilisema kidonda hakijapungua. Ya pili ikasema vilevile. Waridi ile ya kingoni ikafifia, ikawa kijivu.

"Mama, unakula nini?" Nyaboke akamuuliza.

"Majani. Kama mbuzi."

"Sukari iko sawa," Nyaboke akajisemea, akisoma namba za Safaa. "Hakuna uchafu. Kiatu unavaa?"

"Navaa."

"Kila wakati?"

"Kila wakati."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Nyaboke hakumwambia kwamba kila wakati ni pamoja na juu ya mkeka, kwa sababu kwao Nyaboke hilo si jambo la kuambiana. Bi Zuleikha naye hakuuliza, kwa sababu kwao hilo si jambo la kuuliza. Nashindwa nimlaumu nani hapo, na nimejaribu.

Ramadhani ikaingia, na hapo uchungu ukazidi. Alikatazwa kufunga. Alilia siku ya kwanza alipoletewa chai mchana, akainywa amegeukia ukutani. Kisha, ili asikae bure mwezi mtukufu, akasema atawapikia wanaofunga. Kila alasiri akawa jikoni kwake: mihogo ya nazi, viazi vitamu, kaimati, uji wa pilipili manga wa msikitini. Alikuwa amewekewa kiti, na kiti alikikalia. Lakini mpishi gani anayekaa kitini moja kwa moja? Alikuwa anainuka hatua mbili tatu, jikoni hadi chumba cha vyombo, chumba cha vyombo hadi uani, kuonja, kufunika, kumnyang'anya Safaa mwiko. Hasikii maumivu. Sakafu ni safi, nyekundu, inang'aa. Mguu una bandeji safi iliyofungwa na sista mwenyewe. Kuna ubaya gani?

Kidonda kikawa kinaongezeka. Kila mtu akatafuta mchawi wake. Safaa alishuku mamake anaficha maziwa ya mkebe chini ya kitanda, akapekua, akakuta tasbihi na ndara iliyokatika. Bi Zuleikha alishuku mtama. Mashangazi walisema ni hasadi, kuna mtu ameitia jicho biriani yake, basi ukachomwa ubani na ikasomwa Yasini vyumba vyote. Jirani mmoja akasema ni ile taa, inakausha damu, kwani hamwoni mguu ulianza kuharibika baada ya kumulikwa? Maneno haya yalimwingia Bi Zuleikha. Akaanza kuichukia taa kama mtu anavyomchukia rafiki aliyemwangusha. Akilala pale na miwani yake myeusi, haisomei tena chochote.

"Yanicheka," alimwambia Safaa. "Ile taa yanicheka."

Siku moja, tayari ni kumi la mwisho la Ramadhani, rula ikasema kidonda sasa ni kikubwa kuliko alipotoka wodini. Nyaboke aliiweka rula chini. Alikuwa amechoka na hakulificha hilo. Aliwasha taa, akaketi kwenye kigoda chake, na macho yake yakaangukia kiatu kilichokuwa chini ya kitanda. Akakiokota akakigeuza. Chini ya soli, herufi za kiwanda zilikuwa zinasomeka zote. Mpira haujalika hata pembeni.

"Mama. Hii kiatu ni mpya."

"Nakitunza."

"Kuna mgonjwa mwingine alipewa siku moja na wewe. Yake imeisha soli, tukamtafutia ingine. Yako iko kama imetoka dukani leo. Unaivaa kweli?"

Bi Zuleikha akainuka kitandani, miwani bado usoni. "Waniita mrongo?"

"Sijasema hivyo."

"Wasema! Mimi, umri huu, kumi la mwisho hili, nije nilale hapa niseme urongo juu ya kiatu? Si ndicho hicho nimekuja nacho? Si waniona nacho kila nijapo?"

"Nakuona nayo hapa, mama. Kidonda inasema ingine."

"Basi ongea na kidonda. Safaa! Twende zetu."

Alikubali kufungwa bandeji safi na kuvishwa kiatu tu, akatoka. Taa ilikuwa bado inawaka, inamulika shuka.

Njia nzima aliongea. Dereva wa tuktuk alijua habari yote kabla ya kufika Shela, akawa anasema "pole, mama" kila penye tuta. Walipofika mlangoni alikuwa bado hajamaliza. Alishika fremu ya mlango, na Safaa akapiga magoti.

"Waniona nacho, hunioni nacho?"

"Nakuona nacho, mama."

"Kiko mguuni, hakiko?"

"Kiko, mama," Safaa akasema, akafungua kamba, akakivua, akakipangusa vumbi, akakiweka kwenye rafu.

Bi Zuleikha akavuka kizingiti akakanyaga sakafu yake. Mdomo ulikuwa umefunguka kuendelea. Ukabaki wazi.

Aliutazama mguu, bandeji nyeupe juu ya saruji nyekundu. Akageuka akakitazama kiatu kule barazani, kimepangwa sambamba na viatu vingine, kisafi, kinang'aa. Akafikiria njia ya kiatu kile: kutoka hapa mlangoni mpaka kwenye tuktuk, kutoka kwenye tuktuk mpaka kitandani kwa sista, na kurudi. Kisha akafikiria njia ya mguu.

"Safaa."

"Labeka, mama."

"Kile kiatu mimi hukivaa wakati gani?"

"Ukitoka."

"Na nikiwa humu?"

 Safaa akasimama, akaenda mpaka jikoni, pale mbele ya meko mamake anaposimama kuonja, akachukua kitambaa cheupe cha kufunikia kaimati akaipangusa sakafu. Sakafu ile ilikuwa nyekundu na ilipigwa deki kila siku, hakuna aliyeona kitu juu yake. Kitambaa kilitoka na doa la rangi ya chai, maji ya kidonda. Safaa alirudi nacho mlangoni akakinyoosha mbele ya mamake, akaanza kulia kwa sauti.

Ungedhani Bi Zuleikha angeshukuru kwa kuwa sasa anajua. Hakushukuru. Alishikwa na hasira ambayo hajawahi kuijua, na yeye si mgeni wa hasira. Jini ungelisomea. Hasidi ungemlaani. Sasa utamlaani nani kwa sababu mamako alikufundisha adabu? Alimkasirikia Nyaboke kwa kutosema, akamkasirikia Safaa kwa magoti yake, akakasirikia sakafu, na mwisho akabaki na yeye mwenyewe, akakaa juu ya kizingiti akapiga paja lake kwa ngumi. Wiki zote zile taa ilikuwa ikifanya kazi yake. Inajenga, yeye anarudi nyumbani anabomoa, kwa mguu safi, kwenye sakafu safi, akimshukuru Mungu kwa usafi.

"Nivishe," akasema.

"Mama, kimetoka njiani..."

"Kioshe. Kwa sabuni. Nivishe."

Safaa akakisugua soli kwa brashi na maji ya dawa, akakikausha kwa upande wa kanga yake, akamvisha. Bi Zuleikha akasimama akaingia nyumbani kwake na kiatu. Kilipiga ko, ko, ko. Alipofika kwenye mkeka alisita, na nakuhakikishia kuvuka ule mkeka kulimwia vigumu kuliko kaa la moto, maana kaa hakulisikia. Aliona haya mbele ya kuta. Usiku huo hakusali sebuleni. Alisali chumbani, mlango umefungwa.

Alipokwenda tena kwa taa hakuomba radhi, hajui namna yake. Alimweleza tu. Nyaboke alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo ndani ya nyumba mnatoa viatu? Nyote?"

"Kwani nyinyi mwaingia navyo?"

"Ndiyo."

"Mpaka chumbani?"

"Ndiyo, mama."

Wakatazamana, kila mmoja akimwonea mwenzake kinyaa kidogo. Kisha Nyaboke akasema, kwa sauti ya chini isiyokuwa yake, "Ningeuliza. Miaka minne niko hapa Malindi, kila nyumba nimealikwa naona viatu kwa mlango. Ningeuliza tu." Akamvisha miwani. "Lala, mama. Tuanze tena."

Wakaanza tena. Kiatu cha pili cha ndani hakikutolewa, maana hupewa aliyemaliza cha kwanza, kwa hiyo Safaa alisugua soli kila wanaporudi, na mamake akakivaa mpaka anapoingia kitandani. Kingo zikarudi kuwa waridi. Rula ikasema kidonda kimepungua, kisha ikasema kimepungua tena. Bi Zuleikha aliitazama rula ile na moyo wake haukufurahi sawasawa, kwa kuwa Idi ilikuwa imefika na kupita.

Daktari wa upasuaji alitazama kidonda akasema vizuri sana. Kisha akatazama picha ya mifupa, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa wa chini ya dole gumba ulikuwa umeshaingia uchafu, na huko taa haifiki. "Sehemu ya mbele tumeiokoa, mama," akasema. "Hiyo ni habari njema. Lakini dole gumba lazima litoke."

"Ningekivaa tangu mwanzo?"

Daktari akasema hakuna anayeweza kujua. Lakini alikuwa kijana mwema na hajazoea kuficha uso, na Bi Zuleikha akamsoma jibu lake machoni.

Dole likatoka. Kidonda kipya kikamulikwa, naye akakanyagia kisigino tu, nacho kikafunga polepole, na kikafunga kweli. Bi Zuleikha amerudi uani kwake, anapika ameegemea kigoda kirefu, na kiatu chake kinapiga ko, ko. Sheria ya mlango haijabadilika. Bwana wa mita bado anafungua kamba. Watu wakimtazama mguuni, huwauliza kama wamekuja kula au kuangalia.

Juzijuzi akaitisha kuni za harusi ya kwanza kubwa. Mkokoteni ukasimama nje, mwenye mkokoteni akaanza kushusha mizigo, lakini Mzee Kaingu mwenyewe hakuingia. Bi Zuleikha akangoja. Akachoka kungoja, akaenda mlangoni kumfokea.

Alimkuta ameinama kwenye kizingiti, mkono mmoja ukutani, na mkono mwingine unafungua kamba za kunata. Kiatu kilikuwa cheusi, kikubwa, soli imekatwa mbele.

"Kaingu! Hicho umepewa wapi?"

"Pale pale kwako, kwa sista wa taa," mzee akasema, akimtabasamia kwa haya. "Kumbe nami nina sukari, hata sikujua. Ni mwiba tu, Bi Zuleikha. Ulinichoma hapo uani, mwezi wenu ule wa kufunga, nikipanga kuni. Wala sikuusikia." Akavuta kamba ya pili. "Ngoja nivue niingie."

 Bi Zuleikha aliiona miguu ile ikipita na kupita juu ya sakafu yake, mwaka baada ya mwaka, pekupeku, kwa heshima yake yeye.

"Usivue."

"Eeh?"

"Kivae, Kaingu! Kifunge! Ingia nacho!"

Mzee alimtazama, kisha akaitazama sakafu inayong'aa, kisha akamtazama tena, kama mtu anayeogopa kutegwa. "Na tope hili?"

"Ingia, nimekwambia!"

Akaingia. Tope la Sabaki likamwagika vipande vipande kutoka mlangoni mpaka kwenye mkeka, na kutoka kwenye mkeka mpaka uani. Bi Zuleikha alikitazama kila kipande kikianguka, na kila kimoja kilimuuma. Safaa akaja mbio na tambara.

"Wacha," mamake akamwambia. "Mletee kiti. Anywe chai kwanza, na usimtilie sukari."